Kopo la krimu likivuka mpaka, hasara hubaki kwa mchuuzi

Katika maduka ya vipodozi ya Arua na Koboko, krimu na sabuni za kung'arisha ngozi hukaa rafu moja na mafuta ya watoto, dawa ya meno na marashi. Bei yake haitishi, faida yake huja haraka, na mnunuzi yuko pande zote tatu za mpaka: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Lakini baadhi ya makopo hayo yana zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, kemikali ambazo viwango vya Afrika Mashariki vinazikataa katika vipodozi vya ngozi.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kopo la namna hiyo lina hatari mbili. Linaweza kudhuru figo na ngozi ya anayelipaka, na linaweza kumaliza mtaji wa anayeliuza. Kiwanda kimeshalipwa, na mwenye duka la jumla naye ameshalipwa. Mzigo ukikamatwa njiani, anayebaki mikono mitupu ni yule aliyeubeba.

Njia panda ya nchi tatu

Eneo la West Nile limekaa mahali ambapo bidhaa hazikosi njia. Barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, inapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba, mkabala na Kaya ya Sudan Kusini. Magharibi kuna Aru na soko kubwa la Ariwara, katika mkoa wa Ituri. Karibu na mji wa Koboko kuna Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana.

Mzigo wa vipodozi huweza kupanda kutoka Kampala ukielekea Yei na Juba, au kuingia kutoka upande wa Kongo ukielekea maduka ya Arua. Kando ya vituo vya forodha kuna njia za miguu na za boda boda zinazojulikana na kila mtu. Jamaa wa ukoo mmoja wanaishi pande mbili za mpaka, na kwao kuvuka ni kama kwenda kwa jirani.

Sokoni utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili. Lakini maandishi ya kwenye kopo mara nyingi ni ya Kifaransa au Kiingereza, kwa herufi ndogo sana. Muuzaji hana muda wa kuyasoma, na mnunuzi huangalia picha ya mwanamke mwenye uso mweupe. Hivyo habari muhimu kuliko zote inavuka mipaka miwili bila kusomwa na mtu.

Kemikali tatu za kuzijua

Ya kwanza ni zebaki. Chumvi za zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi asilia inayoikinga ngozi dhidi ya jua. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kwamba sabuni za kung'arisha zenye zebaki huwa na kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya iodidi ya zebaki, na krimu huweza kufika asilimia 10 ya chumvi nyingine ya zebaki. Linganisha na kikomo kilichozoeleka katika sheria za nchi nyingi: sehemu moja tu ya zebaki katika sehemu milioni moja. Asilimia moja peke yake ni sehemu 10,000 katika milioni.

Zebaki haibaki juu ya ngozi. Inapenya, inaingia katika damu, na madhara yake makubwa ni kwenye figo. WHO inataja pia vipele, mabaka na makovu, ngozi kukosa nguvu ya kupambana na bakteria na fangasi, ganzi ya mikono na miguu, wasiwasi na huzuni nzito. Tena mvuke wake huenea ndani ya nyumba. Mtoto anayelala kifuani mwa mama aliyejipaka, au anayetumia taulo lake, naye hupata sehemu yake ingawa hakununua kitu. Maji ya kuogea yakimwagwa hubeba zebaki hadi mitoni, na huko hugeuka kuwa zebaki ya aina mbaya zaidi inayokusanyika katika samaki.

Ya pili ni haidrokwinoni. Mwanzoni ngozi hung'aa, na hapo ndipo mteja anaporudi kununua tena. Ikitumika kwa miezi na miaka, hasa chini ya jua kali kama la Arua, huweza kuleta mabaka meusi yenye rangi ya bluu mashavuni na kwenye mifupa ya uso. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza mabaka hayo miaka ya 1970, na nchi hiyo ikapiga marufuku krimu hizo mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliikataza haidrokwinoni katika krimu za kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001. Mabaka hayo ni magumu sana kuondoka. Mtu alikuwa anataka kupunguza weusi, akaishia kuongeza weusi usiofutika.

Ya tatu ni steroidi kali, hasa klobetasoli. Hii ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi, inayoandikwa na daktari na kutumiwa kwa siku chache mahali padogo. Ikipakwa mwili mzima kila siku, ngozi hukonda hadi mishipa ikaonekana, michirizi hutokea mapajani na tumboni, chunusi na fangasi husambaa, na vidonda hukawia kupona. Ikipenya kwa wingi mwilini, huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kuzifanya tezi za mwili zilegee katika kazi yake.

Kuna pia mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu hizi unaotengenezwa dukani au nyumbani na kuuzwa katika vikopo visivyo na jina. Hapo hakuna anayejua kilichomo, hata aliyekoroga. Naye anayekoroga kwa mikono mitupu ndani ya kibanda kisicho na dirisha ndiye wa kwanza kuivuta hewa yake na kuipokea kupitia ngozi.

Nairobi ilishaonywa zamani

Wapo wanaosema haya ni maneno ya kutisha watu. Lakini ushahidi ulipatikana hapa hapa kwetu, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima waliougua ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili na kupoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuziacha.

Mwaka 2001 ikaja habari nyingine kutoka Kenya. Watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Masazumi Harada, daktari aliyejulikana kwa kuchunguza sumu ya zebaki ya Minamata, walipima zebaki kwenye nywele za watu, wakiwemo wavuvi na wachimba dhahabu wa upande wa Ziwa Viktoria. Mtu angetarajia lawama iende kwa samaki au kwa migodi. Lakini viwango vya juu kupita kiasi vilihusishwa na sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotengenezwa Ulaya, huko ambako haikuruhusiwa kuuzwa madukani.

Funzo la biashara lipo hapo. Bidhaa inayokataliwa kwa mwenye kiwanda hutafuta soko ambalo mkaguzi ni mchache na kopo halisomwi. Soko la mpakani ni soko la namna hiyo mpaka wafanyabiashara wenyewe waamue kulibadilisha.

Sheria ni moja, ukaguzi si mmoja

Wafanyabiashara wengi hufikiri kwamba kinachokatazwa Uganda kinaruhusiwa ng'ambo ya pili. Mawazo hayo yanazidi kupitwa na wakati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya vipodozi. Kiwango EAS 377 kina orodha ya vitu visivyotakiwa katika vipodozi, na EAS 346 kinaeleza namna ya kuandika lebo. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na ubora inazitaka nchi wanachama zifanye viwango hivyo kuwa vyao. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo nchi zote tatu zinazokutana Salia Musala zimo ndani ya nyumba moja.

Mwaka 2018 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka nchi wanachama zipige marufuku utengenezaji na uingizaji wa sabuni na vipodozi vyenye haidrokwinoni. Mwishoni mwa mwaka huo Rwanda ilianza msako wa nchi nzima dhidi ya krimu za kuchubua ngozi. Tanzania na Kenya zilikuwa zimeshazikataza kabla ya hapo.

Kuhusu zebaki, dunia nzima ina Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Uganda ni mwanachama. Mwanzoni mkataba ulikataza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023, mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva uliondoa hata nafasi hiyo ndogo: kufikia mwaka 2025, kipodozi chochote kilichotiwa zebaki hakitakiwi kutengenezwa, kuingizwa wala kupelekwa nje.

Nchini Uganda kazi ya vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango la Taifa (UNBS), lenye uwezo wa kukamata na kuteketeza bidhaa isiyokidhi kiwango. Krimu yenye klobetasoli ni dawa, kwa hiyo inaigusa pia Mamlaka ya Dawa ya Taifa (NDA), yenye ofisi ya kanda mjini Arua. Ukivuka kwenda Kongo utakutana na ofisi ya ukaguzi inayoitwa OCC, na Sudan Kusini ina shirika lake la viwango.

Hapa kuna jambo linalowaponza wengi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000: hupata cheti rahisi cha uasili mpakani bila kulipa ushuru wa forodha, kama bidhaa ilizalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Lakini cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa ubora. Na krimu iliyotengenezwa nje ya Jumuiya haipati msamaha huo hata kama ulinunua Kampala na una risiti. Mahali ulipoinunulia na mahali ilipotengenezwa ni vitu viwili tofauti.

Hesabu ya mtaji

Tuweke mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Tuseme mama mmoja ana mtaji wa shilingi za Uganda 1,500,000. Ananunua katoni 10 za krimu kwa shilingi 150,000 kila moja, akitarajia kuuza kila katoni kwa shilingi 180,000. Faida yake ni shilingi 30,000 kwa katoni, kabla ya nauli na kodi ya kibanda.

Katoni moja ikikamatwa, amepoteza shilingi 150,000, yaani faida ya katoni tano. Mzigo wote ukikamatwa, atahitaji kuuza katoni 50 bila tatizo lolote ndipo arudi pale alipoanzia. Kama mtaji ulitoka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, marejesho hayasubiri. Kama aliukwepa mpaka kwa njia ya boda boda, ameongeza pia hongo, hofu ya usiku na hatari ya kupokonywa kila kitu na watu wasiomtolea karatasi yoyote.

Mwenye duka la jumla hayumo katika hesabu hii. Ameuza kwa fedha taslimu, mara nyingi bila risiti yenye jina la bidhaa. Ndiyo maana vita vya krimu hizi huonekana kama vita dhidi ya akina mama wenye mabeseni. Mkaguzi huwakuta wao kwa sababu wao ndio wanaokaa hadharani. Haki ingetaka msako uanzie kwenye maghala na kwa waingizaji wakubwa, na vyama vya wafanyabiashara vina sababu ya kuidai haki hiyo mbele ya UNBS na forodha. Lakini ni vigumu kuidai ukiwa na kopo lenye zebaki chini ya meza.

Soma kopo kabla ya kulipa

Kazi ya dakika tano dukani Kampala, Arua au Ariwara inaweza kuokoa mtaji wa mwaka. Angalia mambo haya:

Kwanza, tafuta orodha ya viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kopo lisilo na kimoja kati ya hivi liache.

Pili, tafuta maneno yenyewe kama yalivyochapishwa. Haidrokwinoni huandikwa hydroquinone, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa vilevile. Klobetasoli huandikwa clobetasol, na ndugu yake ni betamethasone. Zebaki ina majina mengi: mercury, mercure, mercuric, mercurous, calomel, au herufi mbili tu, Hg. Piga picha ya aya hii kwa simu yako, uende nayo dukani.

Tatu, soma maonyo. Kopo likikutahadharisha usiliguse kwa dhahabu, fedha, alumini au mpira, hiyo ni dalili kubwa ya zebaki. Mafuta ya kawaida hayagombani na pete yako.

Nne, jihadhari na dawa iliyovaa nguo ya kipodozi. Bomba dogo lenye asilimia 0.05 ya klobetasoli mahali pake ni duka la dawa lenye kibali, si rafu ya marashi.

Tano, tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi mwanachama, kisha uliza UNBS kama namba yake ni ya kweli. Alama nayo hughushiwa.

Sita, dai risiti iliyoandikwa jina la bidhaa, idadi na namba ya toleo. Muuzaji wa jumla anayekataa kuandika jina la anachokuuzia amekwishakujibu.

Kumbuka pia kwamba ukimya wa lebo si ushahidi wa usafi. Watengenezaji wengi wa krimu za zebaki hawaitaji kabisa, na maabara peke yake ndiyo inayoweza kutoa jibu kamili. Kwa hiyo ahadi yenyewe ikushtue: kipodozi kinachodai kumfanya mtu mweupe kwa siku saba kina kitu ndani yake kinachofanya kazi hiyo.

"Lakini mteja ndiye anayetaka"

Hili ndilo jibu linalosikika kila soko, nalo lina ukweli. Matangazo, video za muziki na maneno ya mitaani yamewafundisha watu kwamba weupe ni mali, na wanaume nao siku hizi hununua. Kumtukana mteja hakusaidii, na kumcheka aliyeharibika uso ni ukatili.

Lakini mteja anayeingia dukani hasemi "nipe zebaki". Anaomba kitu cha kumfanya ang'ae, cha kuondoa madoa ya chunusi au cha kulainisha ngozi iliyokauka kwa vumbi la Januari. Katika mnyororo mzima kutoka kiwandani, muuzaji wa mwisho ndiye mtu pekee anayezungumza naye uso kwa uso, kwa lugha yake. Anayeweza kumwambia "hii ina dawa ya hospitali, usiipake usoni" ni yeye.

Na kwa muuzaji au mteja ambaye tayari anatumia krimu hizi, ushauri ni kwenda kituo cha afya na kopo mkononi ili mhudumu aone kilichomo. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla bila ushauri, kwa sababu ngozi huweza kuwaka na mwili ukalegea. Aliyetumia zebaki aache mara moja na kuomba kupimwa mkojo na figo. Mjamzito na anayenyonyesha wasichelewe. Kopo lenyewe lisichomwe wala kutupwa chooni au mtoni, kwa kuwa moto huigeuza zebaki kuwa mvuke. Lifungwe vizuri, likabidhiwe kwa wahusika.

Mali iliyo mlangoni

Faida ya krimu haramu ina mshindani anayemea hapa hapa. Mti wa shea wa aina ya Nile huota kaskazini mwa Uganda na kuendelea hadi Sudan Kusini. Mafuta yake, yanayojulikana kwa Waacholi kama moo yao, ni laini, hulainisha ngozi kavu, na hutafutwa na viwanda vya vipodozi vya ng'ambo. Nta ya nyuki wa West Nile nayo ni mali. Sabuni za kawaida na mafuta ya kujipaka yanayotengenezwa Uganda yenye alama ya ubora yana soko Kongo na Sudan Kusini.

Faida ya kopo moja huenda ikawa ndogo zaidi. Lakini bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya inaweza kupita Vurra au Oraba mchana, kupitia lango la forodha, ikiwa na karatasi zake. Kikundi kinachotaka kusindika mafuta ya shea na kuyauza kwa jina lake kianze kwa kuuliza masharti ya UNBS kabla ya kuchapisha lebo, maana kiwango kinachoizuia krimu ya zebaki ndicho hicho hicho kitakachoyapima mafuta yao.

Kabla ya safari ijayo ya kununua mzigo, wafanyabiashara wa soko moja wanaweza kukaa pamoja, wakatoa makopo yote rafuni, wakayasoma moja baada ya jingine pamoja na kijana wa shule anayejua Kifaransa au Kiingereza. Yatakayobainika kuwa na majina yaliyotajwa hapa yasiagizwe tena, na jina la aliyeyauza kwa jumla lipelekwe UNBS likiwa na risiti.